Watu Ishirini na Watatu, Anwani Moja

Kijiko kilikwangua mbabula, jiko letu la makaa, gizani, mara tatu, kikanyamaza. Alikuwa yaya yangu, dada yangu mkubwa Henriette, akitoa majivu ya jana kabla ya kuweka makaa mapya. Umeme ulikuwa umekatika tangu jioni na nyumba nzima ilikuwa nyeusi, lakini yeye hakuhitaji taa. Alikuwa ameishi kwetu miezi minane. Alijua kila kitu kiko wapi. Nililala nikimsikiliza. Rosine, binti yangu wa miaka sita, alikuwa ameulalia mkono wangu mpaka ukafa ganzi, nami sikuutoa.

Nilijua kinachofuata. Yaya atapuliza moto, atabandika maji, kisha atatoka asimame mbele ya mlango aangalie njia. Alifanya hivyo kila asubuhi kwa muda wa wiki tatu. Alikuwa anamngoja Papa Symphorien, mzee wa barua. Hakuniambia, na mimi sikumuuliza.

Ziwa lilikuwa limeingia nyumbani kwa yaya bila haraka. Kwanza lilifika kwenye choo, baadaye jikoni, halafu asubuhi moja aliamka akakuta viatu vya watoto vinaelea. Wanawe wawili wakubwa walikwenda kwa baba yao mdogo kule Moba. Yeye alikuja kwetu na godoro, sufuria mbili na radio. Mume wangu Hénoc anafanya kazi Kabimba, kwenye saruji, anarudi Jumamosi. Kwa hiyo siku nyingi nyumbani tulikuwa wanawake wawili na mtoto mmoja.

Alipokuwa amekaa kwetu miezi mitano nilipata kazi kwenye biro, ofisi ya shirika lililokuwa linagawa viwanja kule mlimani kwa watu waliotolewa na maji. Nilikuwa nimesoma programu miaka miwili, masomo ya jioni, Rosine akilala juu ya meza ya darasa, kichwa kwenye mfuko wangu. Kontra, mkataba wangu, ilikuwa ya miezi mitatu. Kazi yangu ilikuwa kuandika programu ya kuwaita kwa imeli watu waliochaguliwa: njoo na kitambulisho chako, uthibitishe kiwanja chako, kabla ya tarehe kumi na tano saa sita mchana. Asiyefika, kiwanja kinakwenda kwa mwingine.

Walioomba walikuwa zaidi ya elfu moja. Yaya Henriette alikuwa mmoja wao.

Kwa sababu hiyo Papa Michée, mkubwa wetu, aliniwekea faili la waliochaguliwa ndani ya mashine na akaniambia nisilifungue. Watu walikwisha kusema kwamba biro letu linajua ndugu tu. Tulitia sahihi sote, hata mlinzi: hakuna kumwambia mtu nyumbani kama jina lake limo au halimo, hakuna kutaja tarehe. Barua njo itasema, ndiyo peke yake itakayosema. Nilitia sahihi, na nikashika neno langu. Programu yangu ililisoma faili, mimi sikulisoma.

Kwa sisi tunaoandika programu, maktaba si nyumba ya vitabu. Ni kazi ambayo watu wengine wameshaandika, unaiazima ili usianze upya. Ile niliyoazima ilikuwa ya kutuma imeli. Unaipa jina na anwani ya mpokeaji, inaiweka kwenye orodha yake; unaipa maneno ya barua, unaiambia tuma, inatuma. Lakini ukimaliza barua moja, ile orodha haijifuti. Lazima uifute wewe. Mimi mara ya kwanza nilisahau, na tulipojaribu kwa majina sita, la Papa Michée likiwa la kwanza, alipata yake pamoja na zote tano za wenzake.

Alikuja mezani kwangu na simu mkononi.

"Mama Rosine, miye nimepata viwanja sita," alisema. "Nitafungua kijiji. Utakuja kuwa sekreteri wangu."

Biro zima lilicheka. Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Usiku ule sikurekebisha mstari mmoja tu, nilirekebisha miwili. Wa kwanza ulifuta orodha baada ya kila barua. Ule ulitosha. Wa pili niliuongeza kwa woga: anwani ikishapata barua, isipate tena, programu iruke, iende mbele, isiseme kitu. Mwalimu wetu alitufundisha hivyo. Kumtumia mtu imeli mbili ni kumsumbua, alisema, na programu safi haisumbui watu.

Siku ya kutuma nilibonyeza, tukakaa kuangalia. Mwishoni maandishi yalitokea: Zimetumwa 371. Makosa 0. Papa Michée alinipa mkono. Alikuwa anajua faili lina watu wangapi, mimi sikujua. Hakutazama ile mia tatu sabini na moja, alitazama sifuri. Na mimi niliitazama sifuri. Niliipenda sana ile sifuri.

Baada ya hapo zilianza zile wiki tatu.

Lazima nieleze Papa Symphorien. Kwenye avenyu, mtaa ule wa yaya, kabla maji hayajawatawanya, watu wachache walikuwa na simu ya kufungua imeli, na fomu ya shirika ilisema asiye na anwani ya imeli harudishi fomu. Basi walifanya kama walivyofanya wazee wao kwenye parokia, sanduku moja la posta kwa Wakristo wote. Papa Symphorien alikuwa karani wa reli mpaka alipozeeka. Ana simu nzuri aliyotumiwa na binti yake, na ana mwandiko. Walimuomba anwani yake, akawapa. Imeli ikifika kwake anasoma jina, anaikopi yote kwenye karatasi ya kaye, daftari lake la mkono, anaikunja mara nne, anakwenda kwa miguu mpaka kwa mwenyewe. Hampi mke wa mtu. Hampi jirani. Mtu akimuuliza kama kuna habari anajibu kwamba barua ni ya mwenye jina. Hata ziwa lilipowahamisha, alijua kila mmoja amelala wapi.

Kwa hiyo yaya alisimama mlangoni. Siku ya kwanza alikuwa amejifunga kitambaa kizuri. Baadaye alisimama na kile cha kazi. Mimi nilipita kando yake nikienda biro, nikasema yaya nimekwenda, naye akasema uende muzuri. Jioni tulikula bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, tukasema habari za Rosine shuleni, habari za bei ya samaki wa mikebuka. Nilifikiri: barua haikuja, basi hakuchaguliwa. Sikuwa na la kumwambia. Nilikuwa nimefunga mdomo wangu kwa sahihi na nilianza kuuzoea.

Tarehe kumi na tano ilipita. Siku ya pili yake yaya alitoka bombani, akatua ndoo, akaniambia huku anapanga maji kwamba Constance amepata. Amemuona na karatasi yenye muhuri. Constance alikuwa jirani yake kule chini. Naye pia alipokelea kwa Papa Symphorien.

"Na ni vizuri," yaya alisema. "Ana watoto wadogo."

 Alimimina maji kwenye pipa bila kumwaga hata tone.

Asubuhi ile, ya kijiko na mbabula, ilikuwa siku iliyofuata. Sikuelewa kwa nini bado anaamka kungoja. Labda mwili ulikuwa umezoea saa. Nilimvalisha Rosine, nikampeleka shule, nikaenda biro, na Papa Michée akaniletea karatasi. Muda wa siri ulikuwa umekwisha. Alitaka nipige chapa orodha ya watu ambao hawakufika, ili kesho asubuhi iende kwa wakubwa pamoja na majina ya akiba, watakaochukua nafasi zao.

Walikuwa arobaini na sita. Nilianza kupiga. Namba kumi na tisa ilikuwa Kisimba Henriette.

Nilipiga K, nikapiga i, mpaka mwisho. Nikapiga namba ishirini. Nikapiga ishirini na moja. Vidole vilikwenda vyenyewe mpaka arobaini na sita, nikahifadhi, nikaweka mikono magotini. Nje mtu alikuwa anafagia ua. Sikusikia uchungu wala nini. Niliwaza kitu kimoja tu, tena kwa utulivu kama mtu anayetafuta kijiko kilichopotea: huyu alikuwa amesimama mlangoni siku zote, angewezaje asifike?

Nilifungua daftari la mashine, pale ambapo programu inaandika kila anwani iliyotumiwa. Anwani ya Papa Symphorien ilikuwemo mara moja. Jina: Constance. Kisha nikafungua lile faili ambalo sasa niliruhusiwa. Humo anwani yake ilikuwemo mara ishirini na tatu. Mtu wa kwanza Constance, wa pili Henriette, wa tatu, wa nne. Ishirini na wawili programu yangu iliwaruka. Na kulikuwa na anwani nyingine za namna hiyo: muuguzi mmoja aliyepokelea wagonjwa wake, mwana mmoja wa Lubumbashi aliyepokelea wazee wake wote. Faili zima lilikuwa na watu mia nne kumi na wawili; kutoa mia tatu sabini na moja. Arobaini na mmoja. Wote walikuwa kwenye karatasi yangu ya wasiofika. Watano tu waliobaki njo kweli walipata barua na hawakuja.

Mstari wenyewe ulikuwa pale, mfupi. Niliusoma kama umeandikwa na mtu mwingine.

Nilipanda pikipiki mpaka kwa Papa Symphorien. Anakaa sasa nyuma ya reli, kwenye chumba kimoja, kaye zake zikiwa zimefungwa kwa mpira. Nilimsalimia, nikamuuliza kama mwezi uliopita alipata barua ngapi kutoka shirikani. Alinitazama kwa ukali kidogo. Alisema hilo haliulizwi.

"Papa, miye njo nilizituma."

Alifikiri. Halafu alisema ilikuja moja, akaipeleka siku ileile, mvua ikinyesha. Alikuwa amejiuliza kuhusu wale wengine. Kila asubuhi alifungua simu kabla ya kunawa uso. Watu walimuona njiani wakamfuata kwa macho, naye hakuweza kuwaambia hata kwamba hakuna kitu, maana ukisema kwa huyu hakuna, utakuwa umesema kwa yule kipo. Alianza kupita njia za nyuma.

"Nilifikiri Constance peke yake njo alikubaliwa," alisema. "Nikasema, Mungu, hata mmoja."

Nilimweleza kosa, na orodha ya wasiofika inayokwenda kwa wakubwa. Nilisema programu ilidhani anwani moja ni mtu mmoja. Aliniuliza nani aliiambia hivyo. Nilisema mimi. Akatikisa kichwa taratibu, si kwa kunilaumu. Alikuwa kama karani anayekuta mzigo wa watu umeshushwa kituo kingine. Akaniuliza orodha inaondoka saa ngapi. Nilisema kesho saa tatu. Akaanza kufungua ule mpira wa kaye.

Kumwambia Papa Michée kulichukua muda mrefu zaidi, kwa sababu hakutaka kuketi. Alitembea kati ya dirisha na kabati. Alisema karatasi inasema hawakufika, na karatasi haina ubishi. Alisema akiba nao ni watu, nao ziwa limewatoa. Hilo lilikuwa kweli. Alinikumbusha kontra yangu inakwisha Ijumaa na kwamba alikuwa ameshaandika vizuri juu yangu. Kisha akasimama.

"Dada yako yumo?"

"Yumo."

"Unaona sasa vile watasema."

"Wataona namba, Papa. Wako arobaini na mmoja. Dada yangu ni mmoja."

 Nilimwambia nitaandika mwenyewe: kwamba barua hazikutumwa, kwamba kosa liko kwenye programu, mstari gani, tarehe gani, na jina langu chini.   Aliniambia basi andika, kwa Kifaransa kizuri, bila kulia. Nilimwambia silii.

Niliandika ukurasa mmoja. Nikaweka daftari la mashine kama ushahidi, na ile sifuri yake. Aliusoma mara mbili, akafuta neno moja la kuomba radhi akisema liko mara tatu, akautuma kwa wakubwa, na chini ya jina langu akaongeza la kwake. Hilo sikulitegemea. Aliandika kwamba alijua idadi na hakuilinganisha.

Jibu lilikuja saa tisa. Akiba wangoje. Wale arobaini na mmoja wapewe mpaka Alhamisi saa sita mchana, lakini kila mmoja aje na barua ya karatasi yenye jina lake na muhuri wa biro. Imeli hapana tena. Papa Michée alisoma kwa sauti, akasema habari ya kontra yangu tutaongea baadaye, akaenda kutafuta muhuri.

Kabla ya kuchapisha nilirekebisha ule mstari, ingawa hakuna aliyeniomba. Sasa programu inaangalia namba ya fomu, ambayo ni ya mtu mmoja tu. Anwani inaweza kujirudia inavyotaka. Niliijaribu kwa watu ishirini na watatu wa Papa Symphorien bila kutuma, ikahesabu ishirini na tatu. Niliijaribu tena.

Nilifika nyumbani jua likiwa bado juu ya ziwa, na bahasha kubwa ya barua za watu wa Papa Symphorien chini ya mkono; nyingine zilikuwa zimetoka na watu wa biro. Yaya alikuwa anatwanga sombe uani. Rosine, ambaye humwita Mama Mukubwa, alikuwa amekaa karibu naye, anamenya karanga na kula nusu. Niliketi kwenye kigoda bila kuvua viatu.

Nilianza vibaya. Nilianza na maktaba, na orodha isiyojifuta. Yaya alinikatiza akasema, "Weye mama wa ma-mashine, unasema na miye ama na mwalimu wako?" Basi nilisema vile ilivyo. Ulichaguliwa, nilisema. Ulichaguliwa tangu mwanzo. Barua yako haikutoka. Miye njo niliizuia, bila kujua, na nilikuwa napita hapa mbele yako kila asubuhi.

Mchi ulibaki ndani ya kinu. Rosine alimenya karanga nne.

"Kwa nini Constance ilitoka?"

"Alikuwa wa kwanza kwenye fomu. Programu ilichukua wa kwanza."

"Wa kwanza nilikuwa miye," alisema. "Nilifika saa kumi na moja asubuhi. Alikuja nyuma yangu na mutoto mugongoni, mutoto analia. Nikamuambia pita."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekumbuka alikoweka kitu. Kisha alicheka kidogo puani, akasema angekuwa na roho mbaya sasa angekuwa anapanda mahindi yake. Sikujua nicheke au nisicheke. Nilimuambia anisamehe. Alisema ningoje kwanza, hajajua kama amekasirika, akijua ataniambia. Aliushika mchi tena, akatwanga mara mbili, akauacha. Aliniuliza Alhamisi ni kesho kutwa? Nilisema ndiyo. Aliniuliza kama kitambulisho kilicholowa maji kinakubaliwa. Nilisema kama jina linasomeka. Aliingia ndani kukitafuta, na nikamsikia akifungua radio yake kwa nyuma, mahali pa betri, ambapo anaficha vitu.

Papa Symphorien alifika na kaye. Alikuwa ameandika watu wake ishirini na wawili kwa mahali walipolala: wanne kanisani, watatu karibu na bandari, mmoja amekwenda Zongwe kwa wakwe, huyo atatafutiwa mtumbwi asubuhi. Nilitandika mkeka. Nilitoa barua zake kwenye bahasha, tukaanza kuzipanga kwa njia yake ya miguu, si kwa herufi. Alizichukua moja moja, akaangalia muhuri, akaangalia jina, akaniuliza kila mara kama hii ni ya huyo kweli. Kila mara nilijibu ni yake kweli.

Kwenye ya saba au ya nane nilimwachia yeye aendelee.   Yaya alikuwa amerudi akasimama mlangoni, kitambulisho mkononi, ukingo mmoja umekunjamana na wino umekimbia, lakini jina lilisomeka. Hakusogea kwenye mkeka. Papa Symphorien alimuona, lakini hakuruka mstari kwa ajili yake. Alikuwa anafuata kaye yake.

Rosine alikuja akapiga magoti pembeni yangu na mikono yenye maganda ya karanga. Mwaka huu wanafundishwa kusoma. Anasoma mabango ya saluni, anasoma mifuko ya sukari, anasoma kila kitu kwa kidole. Aliinama juu ya karatasi zilizobaki, akasoma ya kwanza kimya, midomo ikicheza, akaiweka kando. Akasoma nyingine. Akasoma ya tatu, kidole kikienda polepole chini ya jina mpaka mwisho, kikarudi mwanzo, kikaenda tena. Akaiokota kwa mikono miwili, akainuka, akamgeukia yaya.

"Hii ni ya Mama Mukubwa."